Kupandisha presha ya turbo si kupata nguvu
Wengi huamini ukipandisha presha ya turbo kwenye Subaru yenye injini ya EJ20, nguvu umeshapata. Turbo huleta hewa tu. Kutoka presha ya baa 0.8 hadi 1.2, ukijumlisha na presha ya anga, hewa huongezeka kwa takriban asilimia 22, na petroli lazima iongezeke vivyo hivyo. Nozeli zinazonyunyizia injini petroli zikishafikia kikomo, mchanganyiko hukosa petroli, joto hupanda, injini hugonga (mchanganyiko hujilipukia wenyewe ndani ya silinda), kisha pistoni hukatika kwenye kingo zinazoshika ringi. Hapo ni kufungua injini nzima! Tanguliza pampu ya petroli na nozeli kubwa, kompyuta ya injini isetiwe upya ikilenga takriban sehemu 11.5 za hewa kwa 1 ya petroli kwenye mzigo mkubwa, ndipo upandishe presha kidogo kidogo ukisikiliza kama injini inagonga.