Anwani ya laptopu iandike kwenye ruta

Nina laptopu ya zamani ambayo siku hizi kazi yake ni kutunza mafaili ya nyumba nzima. Simu na printa huifuata kwa anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, na anwani ikibadilika, zote hupotea njia. Nikaamua kuifungia namba moja. Nikaingia kwenye mipangilio ya mtandao ya laptopu, nikaandika 192.168.1.105, nikahifadhi. Siku tatu mambo safi. Ya nne, Wi-Fi ikawa inakatika na kurudi.

Kosa lilikuwa langu. Ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, hugawa anwani kwa utaratibu uitwao DHCP: kila kifaa kinachojiunga hukodishiwa namba kwa muda, mara nyingi saa 24, na nusu ya muda ikipita chenyewe huomba kuongezewa. Fungu la namba ambazo ruta yangu hugawa, kwa tarakimu za mwisho za anwani, ni 100 hadi 199. Kwa hiyo 105 ilikuwa ya ruta, nami nimejichukulia kimyakimya. Ruta nyingi hupiga hodi kabla ya kutoa namba, lakini laptopu ilikuwa imefunikwa, imelala, haikuitikia. Simu ikapewa 105. Nilipofunua laptopu, vifaa viwili vikaanza kugombania namba moja.

Ukitaka kuandika kwenye laptopu yenyewe, chagua namba iliyo nje ya fungu, kwa mfano 192.168.1.20. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), endesha kwanza ipconfig /all unakili maski (namba inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao wenyewe; nyumbani kwa kawaida ni 255.255.255.0), anwani ya ruta na ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba). Hiyo DNS ndiyo watu huisahau: printa inaonekana, mafaili yanafunguka, ila hakuna tovuti hata moja inayokuja. Na kama laptopu hiyo hutembea nayo, hakikisha umeiwekea Wi-Fi ya nyumbani tu. Ikifika kwenye mtandao ambao anwani zake huanza na 10.0.0 na namba yako ya 192.168 mkononi, haitaongea na mtu.

Mimi nimeacha kuandika huko. Naingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, naiambia: kifaa chenye MAC hii (namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao) kipewe 20 daima. Laptopu inabaki kuomba anwani kama kawaida, ikienda kwingine inapokea ya huko bila kuguswa.

Kuna mitego miwili. Kadi ya Wi-Fi na tundu la kebo zina MAC tofauti, kwa hiyo ukihamia kebo, namba nayo inapotea. Pia kompyuta nyingi za sasa zinaweza kubuni MAC ya bahati nasibu ili zisifuatiliwe. Kizime kipengele hicho kwa mtandao wa nyumbani, la sivyo ruta itakuwa inamsubiri mgeni ambaye huenda akaja na sura mpya.

Ukimaliza, kata Wi-Fi kisha uunganishe tena, ndipo uitazame namba. Ukiona inaanza na 169.254, laptopu imeomba ikakosa jibu ikajipangia yenyewe. Rudi kwenye ruta ukaangalie kama DHCP imewashwa.