Friji ya damu: maneno tunayoambiana labu na ukweli wake

Ukikaa na watu wa labu hapa Mombasa, iwe zahanati ya Likoni ama hospitali kubwa kisiwani, maneno kuhusu friji ya damu ni yale yale tu, na mengi mtu kayapokea kwa mwenzake aliyepokea kwa mwenzake, hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu cha mashine. Nimeamua niyaandike hapa niyajibu, kwa sababu mengine ni ya kucheka lakini mengine ni ya kuua mtu.

La kwanza: "friji ni friji, bora ipoe."

Ndo utakuta mtu anataka kubana bajeti anaenda kununua friji ya nyumbani, anabandika karatasi DAMU, kwisha. Sasa hio friji imetengenezewa maziwa na sukumawiki, haijali joto likipanda mchana lishuke usiku. Pale nyuma karibu na bati chupa ya maji inaganda, hapo hapo mlangoni soda ni vuguvugu, yaani friji moja ina majira matatu. Damu ya chembe nyekundu yataka digrii 2 mpaka 6, kila rafu, saa zote. Ndo maana friji ya damu yenyewe ina feni ndani ya kuzungusha hewa, droo zenye matundu ili hewa ipite, mlango wa kioo mara nyingi ili sista aone painti (mfuko wa damu) anayoitaka kabla hajafungua, kinasa joto kinachoandika mchana na usiku, na alamu yenye betri yake. Bei inauma, sikatai. Lakini unalipia hivyo vitu, baridi peke yake ungeipata kwa bei ya chini.

La pili ndo linanikera zaidi: "hapa kwetu joto kali, seti 1 ama 2 ili damu ipoe vizuri." Hili husikika sana kaskazi ikishika, Februari na Machi, chumba kinachemka na kila mtu anaona dawa ni kushusha namba. Sasa sikiza. Friji yoyote haisimami kwenye namba moja, inapanda kidogo kompresa ikizima na inashuka kidogo ikiwaka, kwa hivyo ukiseti 1 ujue kuna rafu inagusa sufuri na chini yake, hasa ile iliyo karibu na pale hewa baridi inapotokea. Chembe nyekundu ikiganda inapasuka. Haiponi ukiirudisha kwa joto, imekufa. Kilichokuwa ndani kinamwagika, himoglobini na potasiamu, na mgonjwa akitiwa hio damu figo zake ndo zinapigwa, anaweza kufa kwa kitu kilichokusudiwa kumuokoa. Ubaya mwengine ni kwamba mfuko ulioganda ukayeyuka hauji na kidonda. Ukiuning'iniza utulie unaweza kuona yale maji ya juu, ambayo kawaida ni ya manjano, yamekuwa mekundu ama ya waridi, na ukiona hivyo weka kando uite mkubwa. Lakini usitegemee macho tu, kama kinasa joto kinasema friji ilishuka chini ya kiwango usiku, mifuko yote inawekwa kando hata kama inang'ara.

Kwa hivyo namba ya kuseti ni 4, katikati, upate nafasi juu na chini. Na joto la chumba linatibiwa chumbani. Isogeze friji mbali na ukuta kama kitabu chake kinavyosema, ile moto inayotolewa nyuma ipate pa kwenda. Safisha kondensa, zile nyavu na mabomba ya nyuma ama ya chini, hapa kwetu vumbi na hewa ya chumvi vinaigandia mpaka kompresa inakimbia saa zote haizimi na watu wanasema gesi imeisha, fundi anaitwa, anajaza gesi, pesa inaenda, na shida ilikuwa ni brashi na dakika kumi tu. Tena kabla hujanunua angalia kibandiko cha aina ya hali ya hewa: herufi N maana yake imetengenezewa chumba kisichozidi digrii 32, ST ni mpaka 38, T ni mpaka 43. Ukileta ya N kwenye chumba kisicho na AC Changamwe mwezi wa Machi, hio sio kosa la friji.

"Skrini inasema 4, basi damu ni 4." Hapana bwana. Inategemea sensa, kile kipima joto cha mashine, iko wapi. Ikiwa inaning'inia hewani itasoma hewa, mlango ukifunguliwa inaruka 9, ukifungwa inarudi, na mfuko wa damu wala haujajua kitu. Ama kinyume chake, hewa imesharudi 4 zamani na painti zilizokaa nje ndo kwanza zinapoa. Sensa ya kuangalia damu inakaa ndani ya chupa ya maji yaliyochanganywa na gliserini kidogo, kama asilimia 10 hivi, na ujazo wa chupa usizidi ule wa mfuko mdogo kabisa unaoweka, ndo ipoe na ipande pamoja na damu. Afu usiamini sensa moja. Weka themomita nyengine iliyokaguliwa, moja rafu ya juu moja rafu ya chini, linganisha na skrini. Zikitofautiana sana kuna kitu, aidha skrini inadanganya ama hewa haizunguki, na mara nyingi hewa haizunguki kwa sababu mtu kapanga painti zimebanana kama dagaa mpaka zimeziba feni.

Kuhusu alamu. Watu wengi wanaichukulia kama mtoto msumbufu, ikilia inanyamazishwa. Nimeona friji kitufe chake cha kunyamazisha kimechakaa mpaka alama imefutika, vile vyengine vyote vipya kabisa. Dhana ni kwamba "mashine mpya inakuja imeshasetiwa", na ukweli ni kwamba inakuja na chochote alichoweka kiwandani, pengine ya juu imewekwa 8 kwa sababu modeli hio hio inauzwa pia kwa chanjo, ambazo zenyewe huwekwa 2 mpaka 8. Ingia kwenye menyu uhakikishe mwenyewe. Ya juu iweke ilie kabla ya kufika 6, tuseme 5.5, ya chini kabla ya kufika 2, tuseme 2.5, maana alamu inayolia ukishafika kwenye shida haikupi nafasi ya kufanya kitu. Ukishamaliza weka paswadi ama ufunguo, asije mtu wa zamu ya usiku akaibadilisha apate usingizi.

Na uijaribu kweli. Hii watu hawapendi lakini sio kazi kubwa. Unaitoa ile chupa yenye sensa, unatia na themomita nyengine humo humo, unaiweka kwenye bakuli la maji yenye barafu. Tulia, usiwe na haraka, ikishuka ghafla hutajua ililia wapi. Iangalie inashuka 4, 3, ikilia tu unaandika themomita ilikuwa ngapi. Afu unaihamisha kwenye bakuli la maji ya bomba, ambayo hapa Mombasa ni vuguvugu saa zote kwa hivyo changanya na ya baridi kidogo, inapanda taratibu, ikilia unaandika tena. Mwisho chomoa waya ukutani usikie kama inalia kwa betri, kwa sababu alamu isiyo na betri ndo inanyamaza siku ile stima imepotea, siku yenyewe unayoitaka. Kila miezi mitatu yatosha. Halafu jiulize nani anaisikia saa nane za usiku. Kama labu inafungwa na mlinzi yuko getini, vuta waya uweke kengele pale getini ama wodini, friji nyingi zina sehemu ya kuunga hio kitu nyuma.

Stima sasa. "Ikipotea fungua uweke barafu." Ukifungua ndo umeitoa baridi yote nje! Mlango ukae umefungwa, andika saa iliyopotea, angalia joto linavyokwenda. Kwenye makaratasi ya friji kuna kipimo cha muda inaokaa bila stima kabla haijavuka kiwango, zile zenye barafu ndani ya kuta hukaa zaidi, za kawaida sio sana, ujue yako ni ngapi kabla ya siku ya shida. Pakiti ya barafu iliyotoka friza ikigusa mfuko moja kwa moja inaugandisha, turudi pale pale pa chembe kupasuka. Ikionekana jenereta haiwaki, hamisha mapema kwenda friji nyengine ya damu, usingoje ifike 6.

Na stima ikirudi mara nyingi inarudi na hasira. Volti inaruka, kompresa ndo inakwenda. Stebilaiza inayoiweza hio friji na inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuiruhusu iwake ni rahisi kuliko kompresa. Soketi iwe yake peke yake, sio ekstensheni inayochangiwa na birika la chai, nawajua.

Mengine ya haraka haraka. Sio kila kitu cha damu kinaingia humo: pleitileti, zile chembe za kugandisha damu, zinakaa digrii 20 mpaka 24 zikitikiswa taratibu, siku 5 basi, ukizitia kwenye friji umeziharibu, plazma, yale maji ya damu, iliyogandishwa ni friza, -18 ama chini zaidi. Chakula hapana, hata chupa moja ya maji ya daktari hapana. Friji mpya ikiletwa kwa lori ikiwa imelazwa, isimamishe itulie muda kitabu kilivyosema ndo uwashe, iendeshe tupu kwanza ama na mifuko ya maji, siku nzima angalau, ukiona imeshika 4 juu na chini ndo damu iingie. Na kuna wanaodhani friji ikiwa nzuri damu haina mwisho: yenye CPDA-1 ni siku 35, yenye SAGM ni 42 (hizo ni dawa za kuhifadhi zinazotiwa mfukoni), tarehe iko kwenye mfuko, friji haiiongezi hata siku moja. Kuna bakteria wengine kama Yersinia wanaota hata kwenye hio baridi yetu ya 4.

Ile ya "imekaa wodini kidogo tu, irudishe" nayo ina kipimo chake. Ikipita dakika 30 nje ya friji hairudi kwenye akiba, na ikishatoka damu yote iwe imeingia kwa mgonjwa ndani ya saa 4. Kuchemsha kwa maji moto ama kuianika dirishani ili "isimtetemeshe mgonjwa" hapana kabisa. Safarini ni kitu chengine, inaruhusiwa 2 mpaka 10, lakini kwenye kulaboksi iliyopangwa vizuri, kuwe na kitu kati ya barafu na mifuko, na themomita ndani, maana ukivuka feri kwenda Kwale huwezi kujua foleni ya Likoni itakukalisha kiasi gani.

Mwisho, majasho kwenye kioo. Wengi wakiona mlango unatoka maji wanasema friji imeharibika. Unyevu wa pwani ukigusa kioo cha baridi lazima kitoe jasho, yaweza kuwa ni hivyo tu. Lakini yaweza pia kuwa raba ya mlango imechoka, na hio utaijua kwa karatasi: fungia kipande cha karatasi mlangoni, kivute. Kikishika sawa, futa kioo uendelee na kazi. Kikiteleza bila kushika, nenda kona kwa kona mpaka ujue ni wapi, halafu agiza raba kabla hujamuita mtu wa gesi.