Shirika la Afya Likisema "Tumefikia Watu 10,000", Limewahesabuje?

Utaiona kwenye mabango ya zahanati, kwenye fulana za siku ya afya na kwenye ripoti za mwisho wa mwaka: tumefikia watu 10,000. Katika sensa ya 2019 kaunti nzima ya Lamu ilikuwa na watu 143,920, kwa hiyo anayedai hivyo hapa anasema amemgusa takriban mtu mmoja katika kila 14. Si dai dogo. Basi nani aliwahesabu, na alijuaje kwamba hakumhesabu mtu yule yule mara nne?

Kazi huanzia kwenye rejista. Boti ya kliniki inatia nanga Mtangawanda, kisiwani Pate, sanduku la chanjo linateremshwa kwanza kwa sababu dawa zilizomo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8, halafu meza inapangwa kivulini. Mama mjamzito akifika, muuguzi anaandika jina, umri, mimba ina wiki ngapi na hili ni hudhurio la ngapi. Mwisho wa mwezi mistari hiyo inajumlishwa kwenye fomu ya muhtasari ambayo kila muuguzi wa Kenya anaijua kwa namba yake, MOH 711, kisha inaingizwa kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za afya. Mfumo huo ulienea nchi nzima mwaka 2011, na unatumia DHIS2, programu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo. Shirika makini huandika humo humo kwenye rejista za wizara. Lisipofanya hivyo, mama mmoja atahesabiwa na kaunti, na shirika nalo litamhesabu kivyake, na kila upande utajisifu kwa mtu huyo huyo.

Sasa angalia safu ya hudhurio. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara nane. Akija zote, ameacha mistari minane kwenye rejista. Mahudhurio 10,000 kwa hiyo yanaweza kuwa wanawake 1,250 tu. Si uongo, maana kila hudhurio lilikuwa la kweli na lilikuwa na gharama yake. Lakini ripoti inayosema "watu" mahali ilipopaswa kusema "mahudhurio" inamvisha msomaji miwani ya kukuzia, na nimesoma nyingi za namna hiyo.

Hata ukihesabu vichwa bila kurudia, bado umehesabu waliopanda jahazi, hujajua waliofika. Chukua chandarua. Kugawa vyandarua 3,000 ni kazi ya bohari na stakabadhi, inahesabika kirahisi. Swali la maana ni kama mtoto amelala ndani yake. Ndiyo maana wanaofanya utafiti wa nyumba kwa nyumba hawaulizi "je, huwa mnatumia neti?", kwa sababu kila mtu atajibu naam, tena kwa heshima zote. Wanauliza nani alilala ndani ya neti usiku wa kuamkia leo, kisha wanaomba kuiona. Wakati mwingine imefungwa juu ya kitanda, wakati mwingine ingali kwenye mfuko wake, na wakati mwingine inazuia kuku wasiparue mboga.

Kuna jambo jingine huwashangaza watu: zahanati inaweza kuripoti kwamba imechanja asilimia 115 ya watoto wake. Itakuwaje uchanje zaidi ya waliopo? Tatizo huwa ni namba ya chini, ile ya kugawia. Hakuna anayehesabu watoto wachanga wa kila kijiji kila mwaka. Idadi yao hukadiriwa kutokana na sensa. Ikikadiriwa kwamba zahanati ina watoto 200, na 230 wakaja kuchanjwa, hesabu haina budi kutoa 115. Wale 30 walitoka wapi? Huenda makadirio yalikuwa ya chini. Huenda familia za wavuvi zimehamia dago (kambi ya uvuvi) la karibu kwa msimu. Au ni watu wa upande wa msitu wa Boni waliosogea kwa sababu za usalama. Kwa hiyo wengi hutazama pia ulinganisho usiohitaji makadirio: kati ya waliopata dozi ya kwanza ya penta, chanjo ya magonjwa matano, wakiwa na wiki 6, wangapi walirudi kwa ya tatu wakiwa na wiki 14? Hapo namba zote mbili zimo kwenye rejista, na pengo lake linaonyesha walioachwa njiani.

Kuhakiki namba za rejista kuna njia za nje pia. Kenya imekuwa ikifanya utafiti mkubwa wa kaya kuhusu uzazi na afya tangu 1989, na wa 2022 ulikuwa wa saba. Shirika dogo haliwezi kusubiri miaka hadi utafiti mwingine ufanyike, wala halina fedha za kugonga milango maelfu. Linaweza kutumia mbinu iliyotoka viwandani, ya kukagua bidhaa chache ili kuamua kama shehena nzima ipite au irudishwe. Kwenye afya huchaguliwa kaya 19 kwa kura katika kila eneo la usimamizi. Kumi na tisa hazitoshi kukupa asilimia kamili ya eneo kama Faza au Kizingitini, ila zinatosha kukuambia eneo gani limefikia lengo na lipi liko nyuma, na mara nyingi msimamizi hahitaji zaidi ya hapo.

Swali gumu kuliko yote ni hili: bila sisi ingekuwaje? Mwambao huu malaria hupanda baada ya masika na kushuka kiangazi. Shirika likipima watoto Juni kabla ya kuanza, likarudi kupima Februari, litakuta homa zimepungua hata kama mradi wote ulikuwa ni semina na chai. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngozi inavutika yenyewe.

Dawa ya swali hilo ni kulinganisha na wasiopata huduma, waliochaguliwa kwa kura. Kusini kidogo mwa Malindi, katika wilaya ya Kilifi ya wakati huo, ndivyo ilivyofanyika katikati ya miaka ya 1990: jamii zilizopata vyandarua vyenye dawa zilichaguliwa kwa kura, na nyingine zikabaki za kulinganishia. Matokeo yalichapishwa 1996. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban asilimia 33, na malaria kali kwa asilimia 44. Majaribio ya Gambia na Ghana nayo yalionyesha faida ya vyandarua.

Kutokana na majaribio kama hayo ndiyo zinapatikana zile namba za "maisha yaliyookolewa". Hakuna aliyekwenda kuhesabu watoto ambao hawakufa. Shirika linachukua idadi ya watoto wanaolala ndani ya neti, linaizidisha kwa hatari ya kufa katika eneo hilo, halafu kwa asilimia iliyopatikana kwenye jaribio. Ni hesabu halali, mradi ripoti iseme wazi kwamba ni makadirio na ieleze hatari iliyotumika ni ya wapi. Ukikopa hatari ya miaka ya 1990, wakati malaria ya pwani ilikuwa kali zaidi, utaokoa watoto wengi kwenye karatasi.

Wafadhili wengine hupenda mkato: gawanya bajeti kwa idadi ya watu, anayetoa huduma kwa bei ndogo ndiye bora. Mimi naona kipimo hiki kinawaonea watu wa visiwani. Mama wa mjini Malindi hupanda tuktuk hadi kliniki. Mtoto wa kisiwa cha Kiwayu anafikiwa kwa petroli ya boti, nahodha, na siku nzima ya muuguzi. Dozi ni ile ile, gharama mbalimbali, na shirika linalotaka kupendeza kwenye jedwali litabaki mjini.

Ripoti zenyewe huenda Nairobi na ng'ambo kila robo mwaka, na ni chache zinazorudi kusomwa mbele ya watu walioandikwa humo. Zikirudi, kikao huwa na kazi. Jedwali linaonyesha mahudhurio yaliporomoka mwezi fulani, ofisa ameandika "uhamasishaji mdogo", na mama mmoja nyuma anasema siku ile maji yalikuwa yamekupwa, boti ilifika alasiri, nao walikuwa wamengoja tangu asubuhi wakarudi kupika.