Louis XVI aliangushwa na deni kabla ya gilotini

Ukiuliza nani alimwangusha Louis XVI, mfalme wa Ufaransa, wengi watamtaja mkewe, Marie Antoinette, na magauni yake. Mimi nafundisha historia ya uchumi, na hesabu za mwaka 1788 zinanipa jibu jingine. Kasri na familia ya kifalme vilitumia kama asilimia 6 tu ya matumizi ya serikali. Kulipa madeni kulimeza karibu nusu. Magauni yalimchafulia jina, ila kilichomfilisi ni vita, hasa vile vya kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza, vilivyoendeshwa kwa mikopo. Mwaka 1781 msimamizi wa fedha, Necker, alichapisha hesabu zenye ziada, kumbe gharama za vita hazimo!

Sasa, mfalme mwenye mamlaka yote alishindwaje kutoza kodi? Vitabu vya shule hupita hapa haraka. Amri ya kodi mpya ilipaswa kwanza kusajiliwa na mahakama kuu, na iliyoogopwa zaidi ni ile ya Paris, iliyoitwa Parlement. Majaji wake walikuwa makabaila, na vyeo vyao vilikuwa mali yao: vilinunuliwa na kurithiwa, hivyo kuwafukuza haikuwa rahisi. Februari 1787 waziri Calonne alijaribu kuwazunguka. Akawaita wakuu wa nchi Versailles, mji wa makao ya mfalme, akawapa pendekezo la kodi ya ardhi itakayolipwa na kila mwenye shamba, awe askofu au kabaila. Wakamgomea, naye akapoteza kazi.

Novemba mwaka huohuo Louis alikwenda mwenyewe Parlement kulazimisha mkopo wa livre (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) milioni 420. Ndugu yake wa ukoo, Duke wa Orléans, akasimama na kusema jambo hilo ni kinyume cha sheria. Mfalme akajibu kwamba ni halali kwa sababu yeye ametaka. Louis XIV, mfalme wa zamani aliyeogopwa, angesema hivyo na ukumbi ungetetemeka. Miezi 9 baadaye, hazina ya Louis XVI ilisimamisha sehemu ya malipo yake.

Kwangu mimi, ufalme wa kiimla ulikufa hapo, Agosti 1788, wala si kwenye gereza la Bastille la Paris, ambalo siku lilipovamiwa na umati, Julai 1789, lilikuwa na wafungwa 7 tu. Ili apate fedha, Louis alilazimika kuliita Baraza la Matabaka Matatu (makasisi, makabaila, na tabaka la tatu, yaani raia wengine wote), ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Lilifunguliwa tarehe 5 Mei 1789. Juni 17 wajumbe wa tabaka la tatu walijitangaza kuwa Bunge la Taifa, na siku hiyohiyo wakatamka kwamba kodi zote zilizopo ni haramu, ila wanaruhusu ziendelee kutozwa kwa muda. Waliushika mfuko wa fedha kabla ya kukishika kiti.

Kiti chenyewe Louis alikipoteza kwa mikono yake. Juni 1791 alitoroka Paris usiku kwa kujificha sura, akakamatwa katika mji wa Varennes, huku nyuma ameacha waraka wa kuyakana mabadiliko yote aliyokuwa ameyakubali. Nani angemwamini tena? Septemba 21, 1792 ufalme ulifutwa. Januari 21, 1793 akakatwa kichwa kwa gilotini.

Mwaka 1814 ufalme ulirudishwa, na ndugu yake, Louis XVIII, akawa mfalme, akatoa katiba aliyodai ni zawadi yake kwa raia. Kifungu cha 48 kilisema hakuna kodi itakayowekwa wala kukusanywa bila idhini ya mabaraza yote mawili ya bunge.