Nani Aandikwe Kwenye Jiwe? Dhana Potofu Kuhusu Minara ya Mashujaa, Kutoka Dodoma

Kila inapokaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kijiwe chetu cha kahawa hapa Dodoma hugeuka bunge dogo. Hoja ni zilezile: mnara ukae wapi, uwe na umbo gani, na majina ya nani yachongwe. Safari iliyopita mzee mmoja aliyepigana Vita vya Kagera aliweka kikombe chini akasema, "Wanangu, mkibishana hivi mnawaamsha waliolala." Wote tukanyamaza. Mzee yule namheshimu, lakini ukimya ule ulinikaa rohoni, kwa sababu naamini hapo ndipo tulipotakiwa kuendelea kusema.

"Kubishana kuhusu mnara ni kuwavunjia heshima waliokufa"

Wanaosema hivi wana nia njema. Lakini minara mingi inayoheshimiwa leo ilizaliwa katikati ya kelele. Uko ukuta wa kumbukumbu ya Vita vya Vietnam mjini Washington, Marekani. Mwaka 1981 yaliamuliwa mashindano ya wazi. Ikaletwa michoro 1,421, kila mmoja ukiwa na namba badala ya jina, ili majaji wasijue wanahukumu kazi ya nani. Aliyeshinda ni Maya Lin, binti wa miaka 21, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye wazazi wake walitoka China. Mchoro wake haukuwa na sanamu wala bendera, na badala ya kupanda juu ulizama ardhini: kuta mbili za granaiti nyeusi zinazokutana kwenye kona, zimejaa majina.

Baadhi ya askari wastaafu walikasirika kwelikweli. Walisema weusi ule ni rangi ya aibu, na kwamba wenzao wanachimbiwa shimo badala ya kuinuliwa. Wengine hawakuficha kwamba kilichowaudhi ni asili ya yule binti. Waziri mwenye dhamana na eneo lile alizuia kibali cha ujenzi, mpaka ikakubaliwa kwamba bendera na sanamu ya askari watatu viongezwe pembeni. Ukuta ulizinduliwa Novemba 1982, sanamu ikafuata 1984, na mwaka 1993 ikaongezwa sanamu ya wanawake waliotumika katika vita hivyo.

Majina kwenye ukuta ule yamepita 58,000, na hayakupangwa kwa vyeo wala kwa alfabeti. Yamepangwa kwa tarehe ya kufa, hivyo waliokufa siku moja wako pamoja, ofisa na kuruta. Mjane akifika, hulitafuta jina la mumewe na kukuta kando yake majina ya wenzake wa siku ile. Watu huweka karatasi juu ya jina, wakasugua kwa penseli na kuondoka nalo nyumbani. Sehemu iliyotukanwa kuliko zote ndiyo leo watu wanayoigusa kwa vidole. Kama wangeambiwa wanyamaze kwa heshima ya marehemu, mpango wa majina usingepata wa kuutetea, na wale wanawake wasingepata mahali pao.

"Mnara lazima uwe mrefu, na juu yake askari mwenye bunduki"

Hili halihitaji maneno mengi. Mnara maarufu wa vita kuliko yote mjini London, Cenotaph, ulianza kama kitu cha muda cha mbao na plasta, uliowekwa kwa ajili ya gwaride la Julai 1919. Wafiwa waliujaza maua, na mwaka uliofuata ukajengwa wa mawe. Hauna askari wala jina la mtu. Ni kaburi tupu lililoinuliwa. Hapa kwetu, nenda Kaboya mkoani Kagera, walikolala askari wetu waliokufa katika vita vya 1978 na 1979. Kinachokusimamisha kule ni makaburi yenyewe, safu kwa safu. Urefu wa mnara huonyesha zaidi uwezo wa aliyeujenga.

"Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam ni ya askari tu, na imekuwa pale tangu zamani"

Wengi wetu tumepita pale Posta mara elfu bila kusoma kilichoandikwa chini. Kabla ya sanamu ile, Wajerumani walikuwa wamesimamisha katika mji ule sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Chini ya miguu yake walimweka askari Mwafrika anayemtazama bwana wake kwa unyenyekevu. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 wakaiondoa. Ikaishia Hamburg, na katika miaka ya 1960 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Askari wa shaba tunayemwona leo, kumbukumbu ya Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, alizinduliwa mwaka 1927. Hana bwana wa kumtazama. Ameinama na bunduki yake yenye singe, peke yake. Kwa hiyo hata mnara unaoonekana wa milele una historia ya kung'olewa na kubadilishwa, na kila badiliko lilitokana na mtu aliyeuliza: hapa anatukuzwa nani?

Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Hayawataji askari peke yao. Yanawataja pia wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Hapo ndipo ninapoumia. Miguu na mikono imetajwa, lakini wenye miguu na mikono hiyo hawamo. Upande wa Waingereza pekee uliwachukua wapagazi wapatao milioni moja Afrika Mashariki, na inakadiriwa waliokufa hawapungui 95,000, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Jina Kariakoo, ambalo sasa tunalitamka tukifikiria vitenge na viazi, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Soko limewakumbuka kuliko jiwe.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza kati ya 116,000 na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Sababu mojawapo ni kwamba maofisa wa kikoloni waliona Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina lake.

"Dodoma haikuonja vita, sisi ni mji wa serikali tu"

Dhana hii naisikia mpaka kwa wenyeji, na ndiyo inayonifanya niandike. Watu wanadhani historia ya Dodoma inaanza mwaka 1973 ulipotolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa, au hata mwaka 2016, pale Rais Magufuli alipotangaza katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa, hapahapa Dodoma, kwamba serikali inahamia. Vita wanavipeleka Songea kwa Majimaji, Kalenga kwa Mkwawa, Kagera kwa Amin. Ugogo, nchi hii ya Wagogo, wanauachia zabibu na ukame.

Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Waingereza, yakiongozwa na Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, yaliingia Kondoa. Mvua za masika zikayanasa pale, na Mei Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck wakajaribu kuwafurusha wakashindwa. Mwishoni mwa Julai Waingereza wakaiteka Dodoma na kuikata Reli ya Kati. Yaani vita vilipita juu ya migongo yetu kutoka kaskazini mpaka relini.

Na majeshi hayo yalikuwa yanakula. Ugogo ni nchi ya mvua za kubahatisha. Mgogo wa zamani alijua mtama unaweza kukauka shambani, kwa hiyo akiba yake ilikuwa ng'ombe. Mvua ikigoma, unauza au unabadilisha mnyama kwa nafaka, mwaka unapita. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipofika wakachukua tena vilevile. Kwa hiyo mvua zilipokosekana, maghala yalikuwa matupu, mazizi yalikuwa matupu, na mikono ya kulima ilikuwa imepelekwa kusini na mizigo kichwani. Homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ikawakuta watu wakiwa tayari wamekonda. Njaa ile ya kati ya 1917 na 1920 Wagogo waliipa jina Mtunya, kwa maana ya kunyang'anyana. Inakadiriwa ilichukua watu wapatao 30,000, takriban mmoja katika kila watano wa Ugogo.

Bibi yangu hakuwahi kusema "Vita Kuu ya Kwanza". Alisema "Mtunya". Alichohadithiwa na mama yake ni kwamba kaka mkubwa wa nyumba alichukuliwa kubeba mzigo, akaondoka na fimbo na kibuyu cha maji, hakurudi. Waliobaki walikula mizizi na ngozi zilizolowekwa. Mtoto mmoja aliachwa kwa ukoo mwingine kwa debe la mtama. Bibi akifika hapo hunyamaza, akaanza kuchambua mboga.

Tuna makaburi ya vita hapa Dodoma. Yana mawe yenye majina, yanatunzwa na Tume ileile niliyoitaja, na nafurahi yanatunzwa, maana waliolala pale nao walikuwa watoto wa watu. Lakini wa Mtunya hawana hata kokoto. Kwa hiyo mtu anaponiambia Dodoma haina wafu wa vita, namuuliza: njaa iliyoletwa na jeshi si silaha?

"Mahali pa mnara ni suala la wapima ardhi"

Katika mji wa Windhoek, Namibia, Wajerumani walizindua mwaka 1912 sanamu ya askari juu ya farasi, kwa ajili ya Wajerumani waliokufa katika vita dhidi ya Waherero na Wanama. Waherero na Wanama walioangamizwa kwa maelfu katika vita hivyohivyo hawakutajwa, na sanamu iliwekwa karibu na palipokuwa kambi walimofungiwa na kufia. Farasi yule alitazamwa na wajukuu wa waliokufa pale kwa karibu miaka mia moja. Mwaka 2009 alisogezwa kupisha jumba la makumbusho ya uhuru, na Desemba 2013 akaondolewa kabisa machoni pa umma na kuwekwa ndani ya ua wa ngome ya zamani. Waliobishana hawakuwa wanabishana kuhusu upimaji.

Kwetu mvutano ni wa mjini au Mtumba. Wanaotaka Mtumba wana hoja: mnara wa taifa ukae palipo na Mji wa Serikali, nafasi ni kubwa, gwaride na mizinga vinahitaji uwanja, na wageni wa kitaifa wanafika kwa urahisi. Hoja hiyo naikubali kwa maadhimisho ya siku moja. Siku nyingine zilizobaki je? Kutoka katikati ya mji mpaka Mtumba ni kilomita zipatazo 17. Mama wa Chang'ombe au Chamwino hataacha genge lake apande daladala kwenda kusimama kimya mbele ya jiwe. Mnara unaofikiwa kwa mwaliko tu, wafiwa wa kawaida hawautumii. Ule wa mjini mtu anaupitia akienda sokoni, mtoto anamuuliza mama yake ni nani hawa, na mama inabidi atafute jibu.

Ndiyo maana, bila kupinga mnara wa taifa Mtumba, mimi naomba wa Mtunya uwe karibu na stesheni ya zamani ya reli. Reli ile ndiyo majeshi yaliyoigombania.

Na umbo je? Katika maadhimisho yetu ya Siku ya Mashujaa kuna desturi ninayoipenda sana. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, Meya upinde na mshale, na mzee aliyepigana vita huweka shoka. Ni desturi yetu wenyewe, ina uzito, na isiguswe. Lakini kila kilichowekwa pale, ukiacha maua, ni cha mtu aliyeshika silaha. Nilimwambia hivyo yule mzee wa Kagera siku nyingine, tukiwa wawili. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba kule Uganda walitembea kwa miguu mamia ya kilomita, na kwamba kilichomchosha hakikuwa risasi bali mzigo.

"Sasa babu," nikamuuliza, "mpagazi tumwekee nini?"

Akavua kofia yake, akaikunja, akaizungusha mpaka ikawa duara, akaiweka juu ya kichwa chake cheupe. "Ngata," akasema. "Wachonge ngata."