Senti 50 za viatu vyako Abilene zinaenda wapi?

Waswahili tulioko huku Texas tunaulizana sana, jeshi la Marekani lina hela za kumwaga sasa kwanini mji kama Abilene nao uchangie kuilinda kambi yake? Mi kazi yangu ni bajeti za miji so ngoja nieleze kidogo.

Ukinunua viatu vya dola 100 pale Abilene unakatwa kodi ya mauzo dola 8.25, na humo ndani senti 50 zinaingia mfuko wa maendeleo wa mji. Wapiga kura wenyewe waliipitisha 1989. Lengo ni kuvutia viwanda na ajira, ila sheria ya Texas inaruhusu pia itumike kuzuia kambi ya jeshi isifungwe, na Abilene wana Dyess, kambi ya ndege za B-1 za kudondosha mabomu. Hawa wameanza zamani, miaka ya 50 mwanzoni walichangishana karibu dola 900,000 za kununua ardhi ili tu kambi ije kwao!

Wanaogopa na wana sababu. Serikali kuu hufunga kambi kwa raundi, na raundi ya 1995 ilimaliza kambi ya Reese kule Lubbock na Kelly ya San Antonio, na Kelly ilikuwa imeajiri maelfu ya mafundi raia. Wanajeshi wakihama anaumia mwenye nyumba ya kupangisha, kinyozi, gereji, mama anayelea watoto, shule nayo inabaki na madarasa matupu.

Afu hela hainunui ndege wala risasi, kazi zake nyingi ziko nje ya geti: barabara, maji, ardhi ya kandokando mtu asije akajenga chini ya njia ya ndege halafu aanze kulalamikia kelele. Hata mitambo ya upepo ya umeme, ambayo inaweza kusumbua ndege, tangu 2017 ukiisimika ndani ya maili 25 za baharini (kama kilomita 46) kutoka uwanja wa ndege za kijeshi Texas haikupi msamaha wa kodi ya mali.

Shida yangu ni kupima. Tangu 2005 hakuna raundi nyingine, kambi ipo, basi kila kamati ya kutetea kambi inasema ni sisi tuliiokoa, utabishaje? Kwa hiyo mi nauliza swali moja tu, hii barabara tungeihitaji hata kambi isingekuwepo? Kama ndiyo, napitisha. Tiketi na hoteli za kwenda Washington kupiga debe, hapo ndo tunabishana mpaka jioni.