Msitu wa masalia ni nini? Mfano wa milima ya Dhofar

Msitu wa masalia ni msitu uliobaki mahali ambapo hali ya hewa ya eneo zima ilishabadilika. Zamani miti yake ilitapakaa. Nchi ikakauka, msitu ukarudi nyuma hatua kwa hatua, hadi ukabaki pale tu penye maji ya ziada: bonde lenye kivuli, mteremko unaopata ukungu, ukingo wa chemchemi. Wengi huuchanganya na kipande cha msitu kilichosazwa na mashoka. Kipande hicho kinaweza kupanuka tena tukiacha kukata, kwa kuwa mvua iliyokilea bado inanyesha. Msitu wa masalia hauna pa kupanukia, kwani nje ya mipaka yake ni ukavu mtupu.

Afrika Mashariki tukitaja misitu iliyosalia tangu kale, akili hukimbilia Usambara na Uluguru, ambako miti ni kijani mwaka mzima. Iko aina nyingine isiyozungumzwa sana: misitu ya miti inayopukutisha majani katika nchi za joto na kavu. Mfano wake mzuri uko Dhofar, kusini mwa Oman, juu ya mji wa Salalah.

Kinachoulea ni upepo tunaoujua. Kusi, uleule uliorudisha majahazi Arabuni kutoka Zanzibar na Lamu, ukishavuka ikweta hupinda na kuvuma kutoka kusini-magharibi. Kwenye pwani ya Dhofar huyasukuma maji ya juu mbali na ufuo, na maji baridi ya kilindini hupanda kushika nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya bahari hiyo baridi hugeuka ukungu. Hewa ya moto ya jangwani huufunika kwa juu kama mfuniko wa chungu, nao hubanwa kwenye miteremko ya Jabal Qamar, Jabal Qara na Jabal Samhan. Msimu huu, uitwao kharifu, huanza katikati ya Juni na kwisha katikati ya Septemba. Ng'ambo ya vilele, mwendo mfupi tu, jangwa linaanza.

Mti mkuu hapa ni *Terminalia dhofarica*, ambao vitabu vingi bado huuita *Anogeissus dhofarica*. Ni wa jamaa moja na mkungu wa pwani zetu, na hauoti kwingine kokote duniani ila Dhofar na Yemen jirani. Baadhi ya mabonde yana mibuyu pia.

Ukungu ukifika, miti huchipua, na majani huanza kunasa matone madogo ambayo yangepita na upepo. Maji hutiririka kwenye shina na kudondoka ardhini. Kwa kuwa jua limefichwa na hewa imejaa unyevu, mti hupoteza maji kidogo sana, hivyo udongo unajaa. Mbingu zikifunguka, mti huishi kwa akiba hiyo miezi kadhaa, kisha hupukutisha majani na kusubiri ukungu wa mwaka unaofuata.

Mwaka 2006 watafiti Anke Hildebrandt na Elfatih Eltahir walichapisha utafiti kuhusu msitu huu, na hitimisho lao kwangu ndilo kiini cha habari nzima: msitu unajitengenezea sehemu ya hali inayouweka hai. Matawi mapana yaliyo juu hunasa ukungu mwingi kuliko nyasi fupi. Ukiondoa miti, nyasi zitaota na mteremko utapendeza macho kila kharifu, lakini maji yanayoingia ardhini yanapungua, na mche unaopandwa hapo unaweza kukosa akiba ya kuvuka kiangazi. Mlango ukifungwa, ni vigumu kuufungua tena.

Tishio kubwa ni midomo ya mifugo. Ngamia hufikia matawi ya juu na kula sehemu ileile inayonasa ukungu, huku miche ikiliwa kabla haijakomaa. Matokeo yake ni msitu wa wazee wasio na warithi, ambao ukiutazama kwa mbali utadhani ni mzima. Kisiwa cha Sicily nchini Italia kina onyo kali zaidi: *Zelkova sicula*, mti wa masalia uliogunduliwa mwaka 1991, hauna mbegu zinazoota na huendelea kwa machipukizi tu. Ndiyo maana kupima eneo la msitu wa masalia hakutoshi. Lazima mtu ainame aangalie miche.

Oman ilitangaza hifadhi ya Jabal Samhan mwaka 1997, makao ya chui wa Arabuni aliye hatarini kutoweka. Ni hatua kubwa, ila miteremko mingi ni malisho ya familia za wafugaji ambazo ngamia kwao ni mali na heshima, na sioni uzio ukidumu bila ridhaa yao. Penye matumaini ni desturi yao wenyewe: wakati wa kharifu ngamia hushushwa kwenye uwanda wa Salalah kwa sababu miteremko huteleza. Muda huo wa mapumziko ukirefushwa kwa makubaliano, kwenye miteremko michache kwa zamu, hadi miche ipite kimo cha mdomo wa ngamia, msitu utapata warithi chini ya miti mikubwa ambayo bado inawanasia maji.